Mizani ya Mhakiki wa Kamera: Jinsi Majarida Yalivyoshindanisha Kamera za Anayeanza

1. Utangulizi

Baadhi ya wenzetu watashangaa kukuta kamera katika jarida la uhakiki wa fasihi. Watauliza: kwani riwaya zimekwisha? Hazijakwisha. Lakini uhakiki si mali ya watu wa fasihi peke yao. Kuna watu ambao kazi yao ya kila mwezi ni kuchukua vitu vinne vitano vya namna moja, kuvipima, kuvilinganisha, na kumwambia msomaji kipi ni bora. Hao nao ni wahakiki. Tofauti ni kwamba sisi tukikosea juu ya tamthilia fulani, msomaji wetu hupoteza jioni moja. Wao wakikosea, msomaji wao hupoteza mshahara.

Makala haya yanakusudia kueleza namna majarida ya upigaji picha yalivyolinganisha kamera za DSLR za bei ya chini. Kwa asiyezijua, hizi ni kamera za dijitali ambazo mpigaji huchungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa msaada wa kioo kilichomo ndani, na ambazo lenzi yake hufunguliwa ikawekwa nyingine. Tutajikita zaidi katika miaka ya 2003 hadi 2006, kipindi ambacho kamera hizo zilishuka kutoka mikononi mwa wenye studio na magazeti zikafika kwa mtu wa kawaida. Zipo ambazo bado zinauzwa zikiwa zimeshatumika, na mwanafunzi mwenye fedha kidogo akitaka kununua mojawapo, tathmini za wakati ule ndizo atakazoziendea.

Hoja yetu ni moja. Uhakiki wa kulinganisha haupimi kamera tu. Kwanza humtunga mnunuzi, kisha humpimia mnunuzi huyo kamera. Msomaji asiyemjua mnunuzi huyo aliyetungwa anaweza kuzisoma alama zote sawasawa, na bado akanunua kitu kisichomfaa.

2. Uwanja wa shindano

Majarida haya hayakuanza jana. Amateur Photographer la Uingereza lilianza mwaka 1884, Popular Photography la Marekani mwaka 1937, na Chasseur d'Images la Ufaransa mwaka 1976. Kwa hiyo kamera za dijitali zilipoingia, mila ya kupima na kushindanisha ilikuwepo tayari, tena imekomaa. Popular Photography lilikuwa na maabara yake lenyewe. (Toleo lake la kuchapwa lilikoma mwaka 2017, baada ya miaka 80.)

Mwezi Agosti 2003 Canon walitangaza EOS 300D, ambayo Marekani iliitwa Digital Rebel. Ilikuwa na megapikseli 6.3, na bei yake huko ilikuwa dola 899 bila lenzi, au dola 999 pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mapema mwaka huohuo Canon walikuwa wametoa EOS 10D kwa dola 1,499 bila lenzi. Kamera ile ya bei ya chini ilikuwa na megapikseli zilezile na kihisi cha aina ileile, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Ukuta wa dola 1,000 ulikuwa umevunjwa.

Nikon hawakulala. Januari 2004 walitangaza D70, megapikseli 6.1, dola 999 bila lenzi, na dola 1,299 pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 70. Basi majarida yakapata kile ambacho kila mtambaji wa hadithi hukitafuta: wahusika wawili, uwanja mmoja, na mgogoro. Baadaye walijitokeza Pentax, Olympus, Konica Minolta, na mwaka 2006 Sony. Hata hivyo pambano la kwanza kati ya 300D na D70 ndilo lililoweka ruwaza, na ndilo tutakalolisoma kwa makini.

3. Muundo wa tathmini

Ukisoma tathmini chache za aina hii utagundua kwamba zina muundo wake, kama ngano ilivyo na mwanzo wake na mwisho wake. Huanza na utangulizi unaoeleza kwa nini mwaka huu ni mzuri kununua kamera. Kisha washindani huletwa mmoja mmoja, kila mmoja na picha yake na bei yake. Linafuata jedwali la sifa. Baada ya hapo mhakiki huishika kamera mkononi na kusimulia: inajaa kiganja au haijai, vitufe viko wapi, plastiki yake inalia au hailii. Halafu huja vipimo vya picha, na mwishoni hukumu, alama, na orodha mbili fupi za uzuri na ubaya.

Ndani ya muundo huo mna sauti mbili. Ya kwanza ni ya maabara. Hiyo haina nafsi: kamera imewekwa juu ya stendi, imepiga karatasi yenye mistari inayokaribiana ili ionekane ni wapi mistari itaanza kuchanganyika, kisha ubao wa rangi 24 ili rangi zilizotoka zilinganishwe na rangi zenyewe. Sauti ya pili ni ya mkono. Hiyo ina nafsi, tena mara nyingi ni nafsi ya wingi, "sisi". Sisi tuliipenda, sisi ilituchosha. Sauti ya kwanza inaaminiwa kwa sababu haina mtu. Ya pili kwa sababu ina mtu. Tathmini nzuri huzifanya sauti hizi zigombane mbele ya msomaji. Tathmini dhaifu huificha moja nyuma ya nyingine, na hapo utakuta kamera imesemwa vibaya ukurasa mzima kisha inapewa alama za juu, wala huelezwi zimetoka wapi.

4. Mhusika mkuu asiyeonekana

Sasa tuje kwa wahusika. Mtu atasema mhusika mkuu ni kamera. La hasha. Mhusika mkuu ni mtu anayeitwa "anayeanza". Haonekani popote, hana jina, lakini kila sentensi inamzungumzia. Vitufe vingi vinamchanganya. Kamera nzito inamchosha. Anahitaji msaada, ndiyo maana kuna gurudumu lenye vijipicha vya uso, mlima na mtu anayekimbia.

Tumtazame vizuri. Huyu anayeanza anaanza wapi? Katika kurasa nyingi yeye ni mtu mwenye kamera ndogo ya mfukoni, ana familia, ana likizo, ana fedha kiasi. Zaidi ya yote, anatarajiwa kukua. Atazoea, ataona kamera yake imembana, atapanda ngazi. Kwa hiyo moja ya maswali makubwa ya tathmini hizi ni kama kamera itamtosha pindi akikua. Swali hilo limebeba falsafa nzima: kwamba kununua ni safari, na kituo cha kwanza si cha kukaa.

Lakini wako wanaoanza wa namna nyingine. Yupo fundi picha aliyepiga filamu miaka 20, ambaye hana la kujifunza kuhusu mwanga. Kinachomfanya aanze ni bei tu. Yupo mwanafunzi ambaye kamera hii atakaa nayo miaka kumi, wala hapandi ngazi yoyote. Yupo mpiga picha wa harusi ambaye kwake kamera ni jembe. Wote hawa watanunua kamera ileile na watasoma tathmini ileile, lakini tathmini haikuwaona.

Angalia mfano wa 300D. Ili isiile sokoni ile 10D ya bei ya juu, Canon waliifungia baadhi ya mambo. Mpigaji hakuweza kuchagua mwenyewe kama kamera ifuatilie kitu kinachokwenda au itulie kwenye kilichosimama, kamera ilijiamulia. Hakuweza pia kupunguza au kuongeza nguvu ya flashi. Kwa yule baba wa likizo jambo hilo si kitu. Kwa mpiga picha wa harusi, ambaye nusu ya kazi yake ni flashi ukumbini, ni mwiba. Tena mwaka 2004 watu walivumbua njia ya kubadili programu ya ndani ya 300D na kufungua baadhi ya mambo hayo, jambo lililothibitisha kuwa yalikuwemo muda wote. Jarida lililoliorodhesha hili kama dosari moja kati ya tano, lenye uzito sawa na rangi ya fedha ya plastiki yake, halikusema uongo. Lilimwandikia mtu mmoja tu.

5. Vilinganishwavyo ni nini?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tukisema tunalinganisha 300D na D70, tunalinganisha nini hasa?

Kuna mambo yanayohesabika bila ubishi. D70 iliwaka mara moja, kwa sekunde 0.2, 300D ilichukua karibu sekunde 3. D70 ilipiga picha 3 kwa sekunde, na ukitumia kadi yenye kasi iliendelea muda mrefu. 300D ilipiga 2.5 kwa sekunde, na baada ya picha 4 ikasimama kupumua. Kasi ya juu kabisa ya kufyatua ilikuwa 1/8000 ya sekunde kwa D70 na 1/4000 kwa 300D. Katika kwenda sambamba na flashi, D70 ilifika 1/500, mwenzake 1/200. Kwa upande mwingine, 300D ilianzia ISO 100 na D70 ilianzia ISO 200, na picha za Canon zilisifiwa kwa kuwa laini, zisizo na chenga nyingi mwanga unapopungua. D70 nayo ilitoa picha kali zaidi zenye vijistari vingi, lakini kwenye vitambaa vya mistari midogomidogo ilizaa mawimbi ya rangi ambayo kwenye nguo yenyewe hayapo.

Hadi hapo sawa. Ugumu unaanza kwenye picha. Ukichukua kila kamera pamoja na lenzi inayouzwa nayo, unalinganisha kifurushi cha dola 999 na kifurushi cha dola 1,299. Lenzi ya Nikon ilikuwa bora kwa umbo na ilifika mbali zaidi, lakini msomaji alikuwa ameilipia dola 300 zaidi. Ukitoa lenzi hizo na kuweka lenzi nzuri ya milimita 50 kila upande, sasa unalinganisha vihisi, na tofauti kubwa inapungua. Njia zote mbili ni halali. Ila zinajibu maswali mawili tofauti: la kwanza, "nikitoka dukani leo nitapata picha gani?", la pili, "kamera hii ina uwezo gani?" Mhakiki asiyesema amejibu lipi amemwachia msomaji fumbo bila ufunguo.

Kuna jambo jingine la ndani zaidi. Picha inayotoka kwenye kamera ikiwa tayari kutazamwa imeshapikwa. Programu ya kamera imeamua rangi ikolee kiasi gani, kingo zikazwe kiasi gani, chenga zifutwe kiasi gani. Mhakiki anayelinganisha picha za mpangilio wa kiwandani, kwa kiasi kikubwa analinganisha ladha za mafundi wa kampuni mbili. Akilinganisha mafaili ghafi na kuyapika mwenyewe, analinganisha vihisi pamoja na ustadi wake yeye na programu aliyoitumia. Wanafunzi wa tafsiri watanielewa haraka: ni kama kuwalinganisha washairi wawili wa kigeni kwa kusoma tafsiri zao. Ukimsifu mmoja kwa ulaini wa lugha, je, umemsifu mshairi au mfasiri?

6. Pikseli, vina na mizani

Mwaka 2006 shindano liliingia hatua ya pili. Agosti, Canon walitoa EOS 400D yenye megapikseli 10.1, dola 799 bila lenzi. Sony walikuwa wameshatoa A100 yenye 10.2. Halafu Novemba Nikon wakafanya kioja: walitoa D40 yenye megapikseli 6.1 tu, lakini pamoja na lenzi ya 18 hadi 55 kwa dola 599. Katika jedwali la sifa, D40 ilionekana kama mtoto aliyekuja kwenye vita na fimbo. Pikseli 6 dhidi ya 10. Vituo 3 vya fokasi dhidi ya 9.

Hebu tupige hesabu. Picha ya D40 ina pikseli 3008 kwa 2000. Ya 400D ina pikseli 3888 kwa 2592. Ukigawa 3888 kwa 3008 unapata karibu 1.29. Maana yake ni kwamba pikseli zimeongezeka kwa theluthi mbili kwa ujumla, lakini upana wa picha umeongezeka kwa asilimia 29 tu. Ukizichapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, D40 inatoa picha ya upana wa sentimita 25 na nusu hivi, na 400D karibu sentimita 33. Anayechapa mabango ataiona tofauti. Anayechapa picha za kawaida za kuweka kwenye albamu, zenye upana wa sentimita 15, hataiona hata akivaa miwani miwili.

Sasa basi, kwa nini namba ya pikseli ilipewa kiti cha mbele? Kwa sababu inahesabika, na kinachohesabika huingia kwenye jedwali. D40 ilikaa vizuri mkononi ingawa ilikuwa ndogo, na maelezo yake ya kwenye skrini yalimsaidia mtu kuelewa anachokifanya, wakati 400D ililalamikiwa kwa mshiko mwembamba uliowabana wenye mikono mikubwa. Mambo hayo yalikuwemo katika tathmini, lakini yalikaa kwenye aya, si kwenye jedwali. Na msomaji mwenye haraka hasomi aya.

Sisi wa fasihi ya Kiswahili tusicheke. Ugomvi huu tumeupitia. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kwa miaka mingi shairi lilipimwa kwa vina na mizani. Silabi 8 kwa 8, ukikosa moja umelemaa. E. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema hayo si mashairi hata kidogo. Kwa nini? Hayakuhesabika kwa mizani waliyokuwa nayo. Ni kweli kwamba vina na mizani ni sehemu halali ya ufundi, kama pikseli zilivyo sehemu halali ya kamera. Tatizo huja pale chombo cha kupimia kinapogeuka kuwa ufafanuzi wa kitu kinachopimwa. Hapo mhakiki haulizi tena "shairi hili linafanya nini?" Anauliza tu "lina ngapi?"

Hata hivyo tusipinduke upande wa pili. Wapo wanaosema vipimo vyote ni upuuzi, mpiga picha mzuri atapiga kwa kamera yoyote. Maneno hayo ni matamu, na mara nyingi husemwa na mwenye kamera nzuri. Kamera inayosimama baada ya picha 4 itamkosesha mtu bao uwanjani, awe hodari namna gani. Namba zina kazi. Kinachotakiwa ni kuziuliza zinamhusu nani.

7. Alama hutoka wapi?

Tufike kwenye alama za mwisho, zile ambazo wengi husoma kwanza na kuishia hapo. Tuchukue mfano wa kubuni, ili tusimwonee mtu. Kamera A imepata 8 kwa ubora wa picha, 9 kwa umbo, 9 kwa kasi, na 6 kwa thamani ya fedha. Kamera B imepata 9 kwa picha, 7 kwa umbo, 6 kwa kasi, na 9 kwa thamani. Jumla: A ina 32, B ina 31. A ameshinda, na jina lake linapamba jalada.

Lakini tuseme mhakiki ameamua kwamba ubora wa picha uhesabiwe mara mbili. A anapata 40, B anapata 40, wamefungana. Tuseme badala yake ni thamani ya fedha inayohesabiwa mara mbili. A anapata 38, B anapata 40. B ameshinda. Hakuna kamera iliyobadilika hapa, wala hakuna kipimo kilichorudiwa. Kilichobadilika ni mtu anayeandikiwa. Kwa maneno mengine, uzito wa alama ndiyo picha kamili zaidi ya yule mnunuzi wa kutungwa tuliyemtaja mwanzoni, na ndiyo sehemu ambayo majarida mengi hayakuichapa.

Kuna na hili la alama kujazana juu. Mizani huandikwa kwamba inafika 100, lakini kamera za kampuni kubwa kwa kawaida huishi kwenye vyumba vya ghorofa za juu, huku za chini zikibaki tupu. Sababu mojawapo ni ya haki: hizi kamera zilikuwa nzuri kweli. Sababu nyingine inahusu maisha ya jarida. Kampuni zinazotengeneza kamera ndizo zilizonunua kurasa za matangazo, na mara nyingi ndizo zilizoazima kamera za kupimwa. Simaanishi kwamba wahakiki walihongwa. Wengi walikuwa watu makini wenye jina la kulinda. Lakini anayekula kwenye meza ya mtu hujifunza kusema "chumvi imezidi kidogo" mahali pa kusema "hailiki". Msomaji mzoefu hujifunza kuisoma lugha hiyo. "Inawafaa wapigaji wa kawaida" maana yake ni polepole. "Nyepesi" mara nyingine maana yake ni plastiki tupu. Popular Photography, ambalo lilieleza wingi wa chenga kwa maneno ya kupanda ngazi, kutoka chini kabisa, wastani, mpaka isiyokubalika, lilijitahidi kukwepa mtego huo, kwa kuwa neno "isiyokubalika" haliwezi kupakwa sukari.

8. Mhakiki na kesho

Dosari ya mwisho si ya mtu; ni ya wakati. Tathmini hupima kamera ya leo, lakini anayenunua DSLR ananunua pia mlango wa kuingilia nyumba ya lenzi. Mwili wa kamera huchakaa na kupitwa, lenzi hubaki. Kwa hiyo swali la lenzi lilistahili nafasi kubwa kuliko aya moja.

Nikon, katika kupunguza bei na uzito wa D40, waliondoa mota ya fokasi ndani ya kamera. Lenzi zenye mota yake zilifanya kazi kama kawaida, lakini lenzi za zamani zilizotegemea mota ya kamera zilihitaji kuzungushwa kwa mkono. Tathmini nyingi zililisema hili, na zikaliweka kwenye orodha ya ubaya. Kwa mtu asiyekusudia kuitoa lenzi iliyokuja na kamera, halikuwa ubaya wowote. Kwa yule aliyetaka kuongeza lenzi ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya picha za ndani, ulikuwa ubaya wa miaka: lenzi ya milimita 35 yenye mota yake na bei ya kuvumilika ilitangazwa Februari 2009. Mtu huyohuyo leo, akiikuta D40 iliyotumika, suala ni jingine kabisa, kwa sababu lenzi hiyo ipo. Tathmini haijabadilika hata nukta, lakini ukweli wake umehama.

Mfano mkali zaidi ni wa Konica Minolta. Mwaka 2005 walitoa kamera ya anayeanza, 5D, yenye kihisi kinachotikiswa ndani ya kamera ili kupunguza ukungu wa mkono kutetemeka. Ilikuwa hoja nzuri, maana lenzi yoyote utakayoweka inafaidika. Januari 2006 kampuni ikatangaza kuacha biashara ya kamera. Waliokuwa wameinunua waliponea kwa kuwa Sony waliichukua kazi hiyo na kuendeleza lenzi za mfumo uleule. Hakuna maabara ingeweza kulipima jambo hilo. Hata hivyo mhakiki angeweza kuandika sentensi moja: kwamba ndoa na kampuni ndogo ina hatari yake, na ndoa na kampuni kubwa ina uchoyo wake. Sentensi kama hiyo haina alama, lakini ni uhakiki.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba tathmini ya kulinganisha kamera ni utanzu wenye muundo, wahusika na falsafa yake. Tumeona pia kwamba namba zake nyingi ni za kweli, na kwamba ukweli huo haumtoshi msomaji mpaka ajue zimepangwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo anayeikuta tathmini kama hizo, iwe kwa sababu ya kununua au ya kujifunza, aanze na mambo manne. Atafute kwanza ni lenzi gani zilizotumika, na kama bei za vifurushi zinalingana. Aangalie kama picha zilizolinganishwa ni zilizopikwa na kamera au ni mafaili ghafi. Achukue alama za kila kipengele, azizidishe mwenyewe kwa uzito wa maisha yake, na kuisahau jumla iliyochapwa. Kisha asome aya za mkono kabla ya jedwali, maana humo ndimo mhakiki anapomsahau yule mnunuzi wa kutungwa na kusema kilichomtokea.

Kwetu wahakiki wa fasihi suala ni gumu zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko lenye vizuri vingi, hata kizuri huhitaji mtu wa kukieleza. Katika mabweni yetu bado tunabishana nani bora, Shaaban Robert au Kezilahabi, kana kwamba tuna jedwali la sifa mfukoni. Mhakiki wa kamera angalau anajua kwamba msomaji wake atatoka na kwenda kupiga picha, na kamera yenyewe itamsuta kama alidanganya. Sisi tukimtunga msomaji wa kufikirika, tukampimia riwaya kwa mizani isiyo yake, tukampa alama 85 kwa 100, atakayetusuta ni nani? Mwanafunzi wa sekondari atayakariri maneno yetu, atafaulu mtihani, na kitabu chenyewe hatakifungua.